SOMO: Kufunga kampuni ya kontrakta Uingereza huku unaiogopa HMRC (mamlaka ya kodi)

Wakuu, swali hili nimelijibu faraghani mpaka nimechoka, kwa hiyo nalimwaga hapa mara moja. Linawahusu mliokuwa mkifanya kazi za mikataba kupitia kampuni ya limited ya mtu mmoja, sasa mmeajiriwa au mnarudi nyumbani, na IR35 (kanuni ya kodi inayoangalia kama kontrakta kwa kweli ni mwajiriwa) inawanyima usingizi.

1. Acha biashara. Kampuni iwe imekaa miezi 3 bila kufanya biashara kabla ya ombi la kuifuta.

2. Lipa kila anayekudai.

3. Funga PAYE (mfumo wa kukata kodi ya mishahara). Kufuta usajili wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), wajulishe HMRC ndani ya siku 30 tangu uache.

4. Peleka HMRC hesabu na ritani za mwisho, uandike wazi kuwa ndizo za mwisho, kisha lipa.

5. Toa hela. Tulieni hapa, maana ndipo nilipoungua. Kampuni ikifutwa, chochote kilichobaki kwa jina lake ni mali ya Taji (dola ya Uingereza): salio la benki, hata marejesho ya VAT yaliyochelewa. Mimi niliwahi kutuma ombi kabla marejesho hayajaingia. Na ukishafuta kwa hiari yako, kuirudisha kampuni ili udai hela hiyo ni mpaka mahakamani. Subiri kila senti iingie, igawe, halafu ndiyo ufunge akaunti. Onyo la pili: mgao usiozidi pauni 25,000 hutozwa kama faida ya mtaji, lakini ukizidi kidogo tu, mgao WOTE unahesabiwa gawio (faida anayolipwa mwanahisa) na kutozwa kodi hivyo, siyo ile ziada peke yake. Una zaidi ya hapo? Piga hesabu ya kumlipa mfilisi mwenye leseni akufungie kwa njia ya MVL (ufilisi wa hiari wa kampuni inayoweza kulipa madeni yake yote). Onyo la tatu: ukianza kazi ileile ndani ya miaka 2, HMRC wanaweza kuugeuza mgao wa MVL kuwa gawio.

6. Jaza DS01, fomu ya kuomba kampuni ifutwe, uipeleke Companies House (msajili wa makampuni). Ndani ya siku 7 nakala ziwafikie wanahisa, wafanyakazi na wadai, HMRC wakiwemo. Tangazo hutoka kwenye Gazette (gazeti rasmi la serikali), na baada ya miezi isiyopungua 2, kama hakuna pingamizi, kampuni inafutwa.

7. Tunza kumbukumbu miaka 7 baada ya kampuni kufutwa.

MASWALI

Mgeni_Leeds: Kwa hiyo nikifuta chapchap HMRC hawanipati?

Jibu: Umesoma kweli? Nakala inawafikia, wanaweka pingamizi, ombi linasimama. Hata ukipenya, kampuni inaweza kurudishwa ndani ya miaka 6. Kama uchunguzi umeshafunguliwa, umalize kwanza.

Kobe: Mkuu, nina mkopo wa Bounce Back (ule wa biashara wa wakati wa korona) haujaisha. Nijaze DS01 tu?

Jibu: Hapana. Hatua ya 2. Tena tangu sheria ya 2021, mkurugenzi wa kampuni iliyofutwa anaweza kuchunguzwa na kufungiwa ukurugenzi. Huwezi kulipa? Muone mfilisi.

Binti Mrima: Shukrani kaka. Hivi HMRC wanaweza kurudi nyuma miaka mingapi? Nilianza 2018, mteja wangu alikuwa kampuni kubwa.

Jibu: Swali zuri, dada. Kwa kawaida miaka 4, kukiwa na uzembe 6, ukificha makusudi 20. Tangu Aprili 2021 mteja wa kati au mkubwa wa sekta binafsi ndiye anayeamua hadhi yako ya IR35, kwa hiyo wasiwasi wako uko kabla ya hapo, ambapo mzigo ni wa kampuni yako. Kusanya mikataba, na zaidi ya hiyo ushahidi wa jinsi ulivyofanya kazi: nani alikupangia saa, kama uliweza kutuma mtu badala yako, kama ulirekebisha makosa kwa gharama zako. Karatasi ikisema hivi na kazi ikaenda vile, wataangalia kazi.

Kobe: Na ile kodi nafuu ya 10% ya faida ya mtaji kwenye mgao?

Jibu: Iliisha 5 Aprili 2025. Ikawa 14%, na kuanzia 6 Aprili 2026 ni 18%.

Binti Mrima: Nyongeza kwa wenzangu: msiache barua pepe ya kampuni ikafa kabla hamjanakili kila kitu. Ushahidi wangu wote umo humo.

Jibu: Hasa. Na anwani ya barua, dada, ukihama wape HMRC mpya.