Kusajili alama ya biashara China kabla ya kuagiza bidhaa

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayetaka kutengenezewa viatu vyenye jina lake huko Guangzhou anapaswa kulisajili jina hilo China kabla ya kutuma sampuli kiwandani. Hati ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania, huilinda alama Tanzania Bara tu, hata Zanzibar haifiki, na ya KIPI, taasisi ya mali za viwandani ya Kenya, huishia Kenya. Kwa kawaida China humpa haki aliyetangulia kuomba, si aliyetangulia kulitumia jina, na wapo watu ambao riziki yao ni kusajili majina ya wenzao na kusubiri wenyewe waje kuyanunua.

Wengi hujitetea kwamba bidhaa zao haziuzwi China. Utetezi huo ni dhaifu: mwaka 2019 Mahakama ya Juu Kabisa ya Wananchi ya China iliamua kwamba pikipiki zilizotengenezwa kwa agizo la kampuni ya Myanmar, zikiwa na jina HONDAKIT na zote zikipelekwa Myanmar, zilikiuka alama ya Honda. Forodha ya China hukagua mizigo inayotoka sawa na inayoingia, kwa hiyo aliyekutangulia kusajili anaweza kulizuia kontena lako mwenyewe bandarini.

Njia ziko mbili. Unaweza kuomba moja kwa moja kupitia wakala wa China, ambaye ni lazima kwa mgeni asiye na makazi wala ofisi huko, au kutumia mfumo wa Madrid, wa kuomba nchi nyingi kwa ombi moja, unaosimamiwa na WIPO, shirika la miliki ubunifu la Umoja wa Mataifa, ambao Kenya imo tangu 1998 na Rwanda tangu 2013. Madrid hupunguza gharama kwa mwenye kulenga nchi nyingi, lakini kwa miaka 5 ya mwanzo usajili huo hutegemea ule wa nyumbani, na ule wa nyumbani ukifutwa, wa Madrid nao huanguka. Kwa anayeihitaji China pekee, ningeshauri njia ya kwanza, kwa sababu ya vikundi vya bidhaa, ambavyo ni vyema kuvipanga na wakala wa huko.

China hugawa kila daraja la bidhaa katika vikundi vidogo. Nguo, viatu na kofia zote zimo katika daraja la 25, ila viatu viko kikundi 2507 na kofia 2508. Ukisajili fulana peke yake, mwingine anaweza kupewa jina lilo hilo kwa viatu. Mtajie wakala kila bidhaa unayoagiza na unayotarajia kuagiza, na usajili pia jina la Kichina, kwani wateja wa huko watakubunia lao.

Ikiwa umekwisha kuomba nyumbani, Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani unakupa miezi 6 ya kuomba China, na ombi lako huhesabiwa kwa tarehe ileile ya ombi la nyumbani. Usajili hudumu miaka 10 na huhuishwa, lakini alama isiyotumika kwa miaka 3 mfululizo inaweza kufutwa kwa ombi la mtu yeyote, hivyo tunza ankara na hati za usafirishaji. Ukishapata cheti, iandikishe alama kwa Forodha ya China, na katika mkataba wa kiwanda, ulioandikwa kwa Kichina, weka kifungu kinachokikataza kusajili jina lako au kuuza bidhaa zilizozidi agizo.