Somo: Flashi imevunjika shingo, toa mafaili kabla hujaitupa

Flashi nyingi hazifi kwa uzee, zinakufa kwa goti. Umeichomeka ubavuni mwa laptop, unainuka kufuata chaja, goti linagonga, kichwa cha chuma kinapinda au kinang'oka kabisa. Goti hilo lenyewe huwa halijaua data. Kinachoua ni yale ya baadaye: mtu anainyoosha kwa meno, anairudisha, anaichezesha huku na huku mpaka taa iwake, inazima, anaichezesha tena. Kila ikiwaka na kuzima vile, umeme unaingia kwa kukatikakatika na njia za shaba zinazidi kuchanika. Kama ndiyo kwanza yamekukuta, ichomoe na uiweke mezani.

Tuelewane mapema: hatuitengenezi flashi ili uendelee nayo. Tunaiamsha kwa muda wa kunakili kilichomo, basi. Kwa hiyo usihangaike na sura. Waya zikining'inia kama utumbo wa kuku hakuna ubaya, mradi zishike mpaka faili la mwisho litoke.

Vifaa: chuma cha kulehemia chenye ncha nyembamba, risasi nyembamba ya kulehemia, fluksi (dawa inayosaidia risasi ishike), multimita (kipima umeme), kebo ya zamani ya USB unayoweza kuikata, na kioo cha kukuzia. Huna kioo, kamera ya simu ukiivuta karibu inatosha.

Hatua ya 1: Fungua, angalia, usiguse moto

Tanua ganda la plastiki kwa ukucha au kadi nyembamba. Bisibisi huteleza na kukwangua bodi, nayo ndiyo unayotaka kuiokoa.

Ndani utakuta bodi ndogo. Chipu yenye umbo la mraba ni kontrola, ndiyo inayozungumza na kompyuta. Ile kubwa zaidi ni chipu ya kumbukumbu. Kwenye flashi nyingi za zamani ina miguu 48, yaani 24 kila upande. Data zako zote ziko humo. Kando yake huenda kukawa na kikopo cha chuma kinachong'aa: hiyo ni kristali, inayoipigia kontrola mdundo wa kazi. Vidude vingine vidogo kama punje za mchanga ni rezista na jamaa zake.

Angalia chipu ya kumbukumbu kabla ya kitu kingine. Ikiwa ina ufa, hata mwembamba kama unywele, somo hili halitakusaidia. Na ukikuta hakuna bodi kabisa, ila kipande kimoja cheusi chenye vibati vinne vya dhahabu mbele, ujue kila kitu kimefinyangwa humohumo. Kikivunjika hicho, hakuna mahali pa kupachika waya kwa vifaa vya mezani. Wapo mafundi wa kuokoa data wanaokwangua ngozi yake na kunasa waya nyembamba kama nywele, lakini si kazi ya kujifunzia.

Hatua ya 2: Multimita kwanza

Weka multimita kwenye mlio, yaani ilie pale njia ya umeme inapoungana. Pima kati ya kibati cha chanya na cha hasi kwenye bodi (namna ya kuvitambua iko hatua ya 3). Ikilia mfululizo, kuna shoti, usiichomeke kwenye kompyuta yoyote mpaka uipate. Mara nyingi ni kichwa kilichopinda kimegusisha vibati viwili.

Kama kichwa bado kimeshikilia, pima kila pini kutoka ndani ya kichwa hadi kwenye kibati chake. Zote nne zinatakiwa kulia. Isiyolia ndiyo iliyokatika, na mara nyingi huwa moja au mbili tu. Hapo huhitaji kung'oa kitu: paka fluksi, gusa kiungo kwa chuma cha moto na risasi kidogo, kimeungana. Ile miguu minene ya pembeni kazi yake ni kushikilia kichwa kwenye bodi, isikupotezee muda.

Hatua ya 3: Kichwa kimeng'oka, tunapachika waya

Kata kebo ya zamani, ubaki na upande unaoingia kwenye kompyuta na waya wa sentimita kama kumi hivi. Ndani kuna waya nne: nyekundu ni chanya ya volti 5, nyeupe ni D-, kijani ni D+ (hizi mbili ndizo za data), nyeusi ni hasi. Hiyo ndiyo kanuni, ila kebo za bei rahisi hudanganya rangi. Mimi huipima kila waya kwa mlio hadi pini yake, hata nikiwa na haraka.

Kwenye bodi vibati viko vinne kwa mstari, na mpangilio wake haubadiliki: chanya, D-, D+, hasi. Kwa hiyo ni kibati kimoja tu unachohitaji kukitambua. Tafuta hasi. Ni kimojawapo cha vile viwili vya miisho ya mstari, na ndicho kilichoungana na ile shaba pana iliyotanda kwenye bodi. Gusa hapo na hapo, multimita italia. Ukishaijua hasi, kinachofuata ni D+, kisha D-, na cha upande wa pili ni chanya. Hakikisha mara mbili. Ukibadilishana waya za data, flashi haitasomeka tu. Ukibadilishana chanya na hasi, unaiunguza.

Kabla ya kulehemu, bandika kebo kwenye bodi kwa gundi ya moto au utepe, nyuma kidogo ya vibati. Nilijifunza hili vibaya. Nililehemu waya nne vizuri kabisa, zinang'aa, nikainua kazi yangu niitazame kwenye mwanga. Uzito wa kebo ukavuta, kibati cha D+ kikabanduka na kubaki kimening'inia kwenye ncha ya waya kama gamba la samaki. Ilibidi nikwangue ile rangi ya kijani kwa ncha ya wembe, milimita mbili hivi, mpaka shaba ikatoka nyekundu, ndipo nikalehemu juu ya njia yenyewe. Ilishika, lakini nilikaa jioni nzima kwa ajili ya tone moja la gundi nililolidharau.

Joto la nyuzi 320 hadi 350 linatosha kwa risasi ya kawaida. Tia risasi kwenye waya kwanza, paka fluksi kwenye kibati, kisha vikutanishe kwa sekunde mbili au tatu. Ikigoma, ondoa chuma, acha papoe, urudie. Kukandamiza ndiko kunakobandua vibati. Waya mbili za data ziwe na urefu sawa na uzisokote pamoja.

Ukimaliza, rudia kipimo cha shoti kati ya kila vibati jirani.

Hatua ya 4: Kuiamsha

Pitishia kwenye habu (kigawanyio cha USB) yenye umeme wake yenyewe, ili kukiwa na hitilafu iathirike habu na si laptop. Weka kidole juu ya kontrola. Uvuguvugu ni kawaida. Ikichoma kidole ndani ya sekunde chache, chomoa.

Ikitokea kwa jina na ukubwa wake, nenda hatua ya 5 na usiisogeze tena. Kompyuta ikikuomba uifomati, kataa. Hiyo ni habari njema, maana kontrola imeamka. Ikionyesha diski isiyo na ukubwa wowote, kontrola inaongea lakini haiipati kumbukumbu, na hapo angalia miguu ya chipu kubwa kama imebanduka kwa ule mgongano. Ikiwa kimya kabisa, pima kama volti 5 inafika kwenye bodi na kama regyuleta, kile kidude kinachoshusha volti, inatoa karibu volti 3.3.

Hatua ya 5: Kunakili

Ikifunguka, anza na folda unayoililia. Picha za harusi kwanza, filamu baadaye. Ikisomeka kwa kusuasua, usifungue mafaili moja moja. Chukua nakala nzima ya flashi kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux, kwa programu ya ddrescue:

ddrescue -d -n /dev/sdX flashi.img flashi.map

Weka herufi halisi ya flashi yako badala ya X, na faili la img liende kwenye diski nyingine yenye nafasi. Ikikatika katikati, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia, kwa sababu ya lile faili la map. Baadaye unaipa PhotoRec, programu ya kufufua mafaili, ile nakala ichambue, na flashi yenyewe inapumzika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Yangu ilifuliwa ndani ya suruali. Nimeizika kwenye mchele tangu jana, nisubiri siku ngapi?

Jibu: Itoe, ndugu yangu. Mchele haufiki chini ya chipu, na kilichobaki humo si maji matupu, ni sabuni na chumvi zinazokula shaba. Fungua ganda, ioshe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa mswaki laini, iache penye hewa siku mbili. Kama haikuwa na umeme wakati inalowa, ina nafasi nzuri ya kupona.

Swali: Mimi nilibadilisha nyeupe na kijani, kompyuta ikasema haikitambui kifaa. Ndiyo nimeiua?

Jibu: Hujaiua. Zibadilishe tu.

Swali: Fundi, flashi yangu ni USB 3, nahesabu pini tisa. Waya nne zitatosha kweli?

Jibu: Zitatosha. Zile tano za ziada ni za mwendo kasi. Ukiunga nne za asili, itasomeka kama USB 2: itakwenda polepole, lakini itatoa kila kitu. Angalia tu usichanganye safu; nne za asili ni zile zilizokaa mbele, karibu na mdomo wa kichwa.

Swali: Kontrola yangu imepasuka ila chipu kubwa ni nzima. Nina flashi nyingine ya kampuni ileile, je, nihamishe chipu?

Jibu: Kampuni ileile haitoshi, mkuu. Kontrola haiandiki data kama ulivyozipa: inazitawanya, inazivuruga kwa hesabu yake, na inaongeza alama za kusahihisha makosa. Kontrola nyingine ikiisoma chipu hiyo itaona uji. Inawezekana tu ukipata bodi yenye namba ileile ya kontrola na toleo lilelile la programu ya ndani, na hata hapo ni bahati. Flashi mbili zenye ganda moja hununuliwa zikiwa na matumbo tofauti. Wataalamu huisoma chipu kwa kifaa maalumu na kuupangua ule mvurugo kwa programu. Kama mafaili ni ya thamani, mpelekee mtu huyo kabla hujaipiga moto, kwa sababu joto kali linapunguza chaji zilizobeba data.

Swali: Sina chuma cha kulehemia. Nikiibana kwa kibanio cha nguo mpaka inakili?

Jibu: Najua watu waliofanikiwa, na najua waliopoteza kila kitu. Kama mafaili hayana maana sana, jaribu. Kama yana maana, kaazime chuma.

Swali: Kile kikopo cha kristali kimeruka na sikioni tena. Kuna namna?

Jibu: Ipo. Tafuta flashi mbovu uitolee kristali yenye namba ileile. Kwenye flashi nyingi ni 12.000, yaani megahezi 12, imechapwa juu ya kikopo. Hakikisha bodi yako ina alama ya mahali ilipokuwa, kwa sababu flashi nyingi mpya hazina kristali kabisa na unaweza kuwa unatafuta kisichokuwepo. Ya miguu miwili haina chanya wala hasi, ipachike upande wowote. Kisha rudi hatua ya 4, na kidole juu ya kontrola.