Ukinunua boti ya faiba iliyokwishatumika: anza tezi (nyuma), halafu uje omo (mbele)

Faiba haiozi, na hilo ndilo linalowaponza wanunuzi. Boti nyingi tunazotumia huku kwetu pwani ya Tanga, kuanzia Moa hadi Pangani, zina mbao ndani: plaiwudi kwenye tezi, ule ukuta wa nyuma mashine inapofungwa, na mihimili chini ya sakafu, zote zimefunikwa faiba wala huzioni. Maji yakipata tundu moja la bolti yanaingia na kukaa humo, mbao zinaoza, na nje boti inang'aa vilevile.

Mimi ni fundi wa faiba hapa Tanga, lakini niliumia kabla sijaujua ufundi. Mwaka 2011 nilinunua boti ya futi 23, rangi ya bluu mbichi, muuzaji ananiapia ilikuwa ya kupeleka wageni kupiga mbizi. Msimu wa kusi wa mwaka huohuo, tuko nje ya kisiwa cha Yambe, nikaona mashine inalala nyuma kila tukipanda wimbi. Nikainama kutazama. Tezi ilikuwa inapumua: ufa unafunguka, unafunga. Mwenzangu akaifunga mashine kwa kamba ya nanga, akaikumbatia mpaka tukafika pwani. Nilipoikata ile tezi, mbao nilizichota kwa kijiko.

Kwa hiyo naanza tezi, hata muuzaji akinivuta nikaone taa na viti. Mwambie asiitoe mashine. Inyanyue kidogo, shika guu lake karibu na propela, uliinue na kulishusha kwa nguvu, huku mwenzako ameweka kiganja kwenye kona ambapo tezi inakutana na mbavu za boti. Mashine ya nguvu farasi 40 ina uzito wa mtu mzima, na ikisukuma, mzigo wote unabebwa na tezi. Kiganja kikisikia mchezo wowote, hapo pana ugonjwa. Kisha tazama bolti. Michirizi ya kahawia chini yake, kama chai iliyokauka, ni maji yanayotoka kwenye mbao zilizolowa. Silikoni iliyopakwa juzi kuzunguka bolti zote nayo iulizie.

Tundu la kuzibua maji, lile dogo la chini kabisa, ndilo dirisha lako. Toa kizibo, chomeka bisibisi nyembamba ukingoni mwa tundu. Ubao mzima unakataa. Uliooza unapokea, na bisibisi inarudi na unga mweusi wenye unyevu.

Halafu gonga. Natumia sarafu ya shilingi 500 au mpini wa plastiki wa bisibisi, na ninaomba wenye redio wazime. Gonga kila upana wa kiganja, tezi yote, mkuku wote (uti wa chini wa boti), pande zote mbili. Faiba iliyoshikana vizuri inajibu kwa sauti kali, fupi: ko, ko, ko. Ukifika mahali sauti inakuwa bubu, kama unagonga papai lililoiva, tia alama kwa chaki na uendelee. Ukimaliza, rudi nyuma uzitazame chaki. Moja hapa na moja kule hazinitishi, huenda faiba imekuwa nene tu hapo. Zikijipanga zikafanya umbo, tabaka zimeachana, au maji yamekaa ndani.

Nenda asubuhi, jua likiwa chini. Weka jicho karibu na ubavu wa boti, utazame kwa urefu kuanzia tezi hadi omo. Mwanga wa ubavuni unafichua bonde, nundu na kiraka ambavyo jua la saa sita linavificha. Nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui maana yake boti iligongwa hapo, kwa hiyo ingia ndani utazame upande wa pili wa palepale. Nyufa zinazokwenda sambamba kwenye kona maana yake boti inajipinda ikiwa kazini, na hizo naziogopa zaidi.

Chini ya mkuku ndipo boti zetu zinapoumia, kwa sababu tunazivuta juu ya mchanga na matumbawe kila siku. Iwekwe juu ya magogo, usikubali kuikagua imelalia tumbo. Nyuzi za faiba zikiwa wazi zinakunywa maji. Mkuku uliopakwa rangi mpya peke yake, mbavuni ikiwa imebaki ya zamani, ukwaruze kidogo kwa ruhusa ya mwenyewe.

Malengelenge, vile vivimbe vya maji kwenye ngozi ya faiba, tafuta siku boti inatoka majini, maana ikikaa nchi kavu miezi mingi yananywea. Ukitoboa moja, vaa miwani, maji yake huruka. Yakinuka kama siki, usisingizie chumvi wala jua: maji yamepenya kwenye resini, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba. Machache yanatibika. Yakijaa tumbo zima, kazi ni kubwa na boti inatakiwa ikauke muda mrefu kwanza.

Ndani, vua viatu, tembea kwa visigino. Sakafu inayobonyea imeachana na mihimili, au mihimili yenyewe imekwisha. Ingiza simu chini ya sakafu uchukue video, utazame pale mhimili unapokutana na tumbo: faiba iliyoambuka inaonekana kama mdomo ulio wazi. Kama chini kuna povu la kuelea, sikiliza uzito. Boti iliyokuwa ikibebwa na watu sita, leo inahitaji kumi, imekunywa maji.

Mwisho iingize baharini, watu na mafuta ya kutosha, uipeleke saa nzima kwenye wimbi. Kabla ya kutoka, kausha ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapojikusanya, kwa kitambaa. Ukirudi, kitambaa kilekile kipitishe tena, uone umekamua nini, kisha shika tena lile guu la mashine.