Kuvisha kioo cha ITO utando wenye unene wa molekuli moja

Wanaoanza huhangaika kuchagua molekuli. Kinachowaangusha ni uchafu. ITO, oksaidi ya indiamu na bati, ni semikondakta inayopitisha mwanga. Tutaivisha molekuli iitwayo 2PACz: guu lake la asidi ya fosfoni hung'ang'ania oksaidi, kichwa cha karbazoli kinatazama nje. Dipoli yake (mtengano wa chaji chanya na hasi), takriban debai 2, hubadilisha nishati inayohitajika kung'oa elektroni usoni. Ndugu yake MeO-2PACz ana takriban 0.2 tu.

1. Tafuta upande wenye ITO. Gusisha ncha zote mbili za multimita kwenye kioo: upande sahihi husoma makumi ya omu, wa pili hausomi kitu. Niliwahi kupaka vioo kumi na viwili mgongoni, asubuhi nzima ikapotea. Siku hizi nakwaruza alama konani kwa kalamu ya almasi.

2. Tengeneza myeyusho wa milimoli 1 kwa lita. Kupima mg 2.75 kamili kwa ml 10 ni kujitesa. Chukua unga kidogo, soma mizani, kisha kwa kila mg 1 weka ml 3.6 za ethanoli kavu. Tikisa kwenye beseni la ultrasoniki mpaka usione chembe.

3. Osha kioo kwa maji ya sabuni, maji safi, asetoni, kisha isopropanoli, dakika 15 kila kimoja. Kausha kwa nitrojeni.

4. Weka kwenye mashine ya UV-ozoni, inayounguza mabaki ya mafuta kwa mwanga wa urujuanimno na ozoni, dakika 15. Jaribu kioo kimoja cha ziada: tone la maji litandae lote. Likijikusanya kama juu ya jani la mgomba, bado kuna mafuta. Rudi hatua ya 3. Vikishatoka usivifunike ukaenda kunywa chai, maana uso huo hunasa uchafu wa hewa upesi.

5. Ndani ya kisanduku kilichojaa nitrojeni, mwaga myeyusho ufunike kioo chote, subiri kidogo, kisha kizungushe kwenye mashine ya kuzungushia mizunguko 3000 kwa dakika kwa sekunde 30.

6. Pasha nyuzi 100 kwa dakika 10.

7. Pima kwa kipimio cha Kelvin, kifaa kinachopima ile nishati ya kung'oa elektroni, sambamba na kioo kilichopitia yote isipokuwa 2PACz. Bila hicho huwezi kujua kama ni molekuli au ozoni iliyofanya kazi. Kisha suuza kwa ethanoli, upime tena. Tofauti ikitoweka, molekuli zilikuwa zimelala tu juu, hazikushika: anza tena hatua ya 3.