Kabla ya Kuchagua Safari ya Baiskeli Kandokando ya Ziwa Kivu

Kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, magharibi mwa Rwanda. Ukiisoma namba hiyo ukiwa Dodoma au Nakuru utadhani ni siku mbili za kukanyaga pedali. Waendesha baiskeli wengi huigawa njia hiyo, ijulikanayo kama Congo Nile Trail, katika siku tano, na hawafanyi hivyo kwa uvivu. Ni vilima juu ya vilima: unashuka hadi usawa wa ziwa, kwenye kama mita 1,460, kisha unapanda tena hadi kwenye mashamba ya chai, na kesho hivyohivyo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague safari gani ya mbali, mimi humuuliza kwanza inapanda mita ngapi. Kilomita zije baadaye. Na kabla hajalipia chochote, afunge mizigo yote kwenye keria, maji yakiwemo, apande kutoka Mombo hadi Lushoto, kwenye milima ya Usambara, Tanzania. Barabara ile hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita thelathini na ushee, na ni ya lami. Aliye Nairobi avitafute vilima vya Ngong. Ukifika juu ukiwa bado unaweza kuongea, na asubuhi yake miguu ikakubali tena, basi Kivu unaiweza. Ukishindwa, usikate tamaa; badilisha gia kwanza. Gia ndogo ya mbele iwe na meno sawa na gia kubwa ya nyuma au pungufu, vinginevyo utaisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda.

Breki nazo ni za kuangaliwa mapema, kwa sababu kila mlima uliopandwa una mteremko wake. Beba pedi za akiba. Tairi ziwe pana, inchi mbili hivi, maana nje ya lami ni changarawe, mawe na udongo mwekundu. Pampu, viraka, gundi na tyubu mbili sihitaji kuvieleza. Mafundi wa baiskeli wapo vijijini na ni hodari, lakini spea walizonazo ni za baiskeli za mizigo, si za breki yako ya diski.

Majira: Juni hadi Agosti ni kukavu, vumbi tele. Machi hadi Mei usithubutu njia ya udongo; tope litajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu ligome kuzunguka. Kama likizo yako ni Aprili tu, fuata barabara ya lami inayopita upande huohuo wa ziwa. Mandhari haipungui sana, na wanaoidharau lami waache waidharau.

Kuna jambo zito kuliko tope. Rubavu inapakana na Goma na Rusizi inapakana na Bukavu, miji miwili ya Kongo iliyoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025. Ulizia hali ya mpakani wiki ileile unayoondoka, usitegemee habari za mwaka jana. Katikati ya njia kuna Karongi, na inawezekana kabisa kuanzia au kuishia hapo.

Mengine ni madogo ila yanasumbua. Rwanda wanapita kulia, na mtu aliyezoea kushoto hujisahau hasa asubuhi, barabara ikiwa tupu. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, kwa hiyo funga nguo kwenye mifuko ya kitambaa isiyopenyeza maji. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Asubuhi watu wako kwenye kazi za pamoja na maduka yamefungwa, basi nunua chakula Ijumaa. Kiswahili kitakusaidia zaidi mijini mpakani, huko milimani ni Kinyarwanda.

Panga kurudi kabla ya kwenda. Kutoka Rusizi barabara ya Kigali hupita ndani ya msitu wa Nyungwe: mlima mrefu, baridi, mvua ya ghafla, na mahali pa kununua hata chai ni pachache. Asiyetaka kuukanyaga apande basi, ila aulize siku moja kabla kama wanapokea baiskeli na kwa bei gani, na avue magurudumu mwenyewe kabla utingo hajaitupa juu ya mizigo.