Kutoa ule weupe kwenye stendraivu ya boti bila kuiua aluminiamu

Boti yangu inalala kwenye trela hapa Syokimau, zaidi ya kilomita 450 kutoka baharini, majirani huniuliza kama nangoja mafuriko. Mara mbili tatu kwa mwaka naivuta hadi Kilifi, mara zingine Naivasha, na nikirudi ile stendraivu, yaani lile guu la enjini linaloning'inia nyuma na propela, limevaa weupe kama ukoga wa birika. Kuna fundi alinishawishi tupake asidi ya kusafishia choo. Kweli weupe uliisha dakika tano, na rangi ikaenda nao, na chini aluminiamu ikabaki nyeusi na vishimo vishimo kama imedonolewa na kuku. Tangu hapo hiyo kazi nafanya mwenyewe.

Kwanza jua weupe gani uko nao, ju si kitu kimoja. Chumvi ya bahari inatoka na maji tu. Chokaa na vile vikonokono vinavyoganda kama saruji havitoki na maji, vinataka siki. Halafu kuna unga mweupe unaotoka chini ya rangi iliyofura malengelenge, hiyo si uchafu, hiyo ni aluminiamu yenyewe inaliwa. Dondosha tone la vinega hapo: likitoa povu dogo dogo ni chokaa, endelea. Lisipotoa na rangi imefura, wachana na siki, hapo ni kukwangua rangi mbovu, kusugua na msasa, kupaka praima ya aluminiamu ndio urudishe rangi.

Ya chokaa sasa. Osha draivu yote na maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na brashi ya nailoni, na kama maji ya kisima mtaani kwako ni ya chumvi kama ya kwetu usiyatumie kumalizia, utakuwa unapaka weupe mwingine, tumia ya mvua. Chukua vinega nyeupe ya kawaida ya supamaketi, ile ya asilimia 5, loweka fulana kuukuu, funga kwenye sehemu yenye chokaa halafu zungushia ile nailoni ya kufunika chakula isikauke. Dakika 20 hadi 30, fungua, sukuma na mwiko wa mbao ama kadi ya benki iliyoexpaya, suuza, angalia. Bado? Rudia. Mimi safari ya mwisho nilirudia mara nne na rangi haikuguswa. Pale rangi imetoka na aluminiamu iko uchi punguza dakika, na siki isikae kabisa kwenye anodi, vile vipande vya madini vilivyofungwa kwenye draivu (nazieleza hapo chini), inazila. Ukimaliza pitisha maji yenye bekingi soda kidogo, ile ya kupikia mandazi, alafu suuza tena sana. Usichukue magadi ya githeri ukidhani ni kitu kimoja, hiyo ni kali na aluminiamu haiipendi. Brashi ya waya pia hapana, inaacha vijichembe vya chuma vinavyoanzisha kutu mpya. Na usichanganye siki na jiki, hewa inayotoka hapo inachoma mapafu.

Lakini ukweli ni kwamba weupe mwingi tunautengeneza njiani. Unatoa boti majini, unafunga trela, unashika barabara, chumvi inakauka Voi, ukifika Emali imekuwa jiwe. Siku hizi siondoki Kilifi kabla sijamwaga mitungi miwili ya maji baridi juu ya draivu. Ndani pia inataka kuoshwa: vaa draivu vile vikombe vya mpira vinavyokaa kama hedifoni pale inaponyonyea maji, fungua bomba kwanza, ndio uwashe enjini iungurume polepole dakika 10 hadi 15 ipate moto, thamostati ifunguke maji yapite kote. Kuwasha bila maji hata kidogo ni kuchoma impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji. Na mtu yeyote asikaribie propela.

Anodi, zile vipande mafundi huita zinki hata kama si zinki, ndizo zinaliwa badala ya draivu. Baharini weka zinki ama aluminiamu, Naivasha maji baridi weka magnesiamu ama aluminiamu, na kama wewe ni wa huku na huku kama mimi chukua aluminiamu umalize maneno. Ikibaki nusu badilisha. Usiipake rangi, ukiipaka umeizima. Na draivu yenyewe usipake ile rangi ya kuzuia vikonokono yenye shaba, shaba na aluminiamu kwenye maji ya chumvi ni vita.

Mipira yenye mikunjo kama akodioni pale draivu inaingia kwenye boti, pitisha kidole kila mkunjo utafute ufa, hapo pakipasuka boti inakunywa maji. Ukiegesha shusha draivu chini, ju ikikaa imeinuliwa miezi sita mpira unakariri huo mkunjo.

Oili ya gia badilisha kila saa 100 za kazi ama mara moja kwa mwaka, chochote kikitangulia. Fungua skrubu ya chini na ya juu, ikitoka rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia. Oili mpya pampu kutoka chini hadi itokee juu, ukijaza kutoka juu hewa inanaswa ndani, na weka washa mpya, zile pete ndogo za kuziba kwenye skrubu. Hapo hapo toa propela, paka shafti grisi, angalia kama kuna uzi wa kuvulia samaki umejizungusha nyuma yake, huo uzi hukata sili, ile pete inayozuia maji kuingia kwenye oili, kimya kimya. Mara ya mwisho nilitoa wa kutosha kushona gunia, na oili ilikuwa imeshaanza kuwa chai.