Kugusana bila haraka: zoezi la wanandoa waliozoeana

Ndoa ikishazoeleka, kila mguso huonekana una mwisho mmoja, na aliyechoka huanza kukwepa hata kukumbatiwa. Zoezi la William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa masuala ya ngono wa Marekani, lililoenea tangu miaka ya 1970, huanzia hapo: mnakubaliana kusimamisha tendo la ndoa kwa wiki kadhaa.

Tengeni nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki, watoto wamelala, simu ziko sebuleni. Mmoja anagusa dakika 15, kisha mnabadilishana. Mwanzoni matiti na sehemu za siri haziguswi. Anayegusa afuatilie kile mkono wake unachohisi, joto, ulaini, mkwaruzo wa ndevu. Akianza kujiuliza kama mwenzake anafurahia, mguso umegeuka tena mtihani wa kufaulu au kufeli. Anayeguswa akitaka polepole zaidi, auweke mkono wake juu ya ule unaomgusa, auongoze.

Wengi huharibu zoezi pale hamu inapopanda: wanavunja makubaliano, na yule mkwepaji anaona ahadi ilikuwa ya mdomoni tu. Mkishatulia kweli, ongezeni sehemu zilizoachwa. Tendo lenyewe lije mwisho kabisa.

Palipo na maumivu, au uume usiposimama, muoneni daktari kwanza. Kisukari na baadhi ya dawa za presha huchangia uume kutosimama.